Vikombe Vitano vya Bia ya Mapera

Friji ya kituo ilinunuliwa kwa ajili ya maziwa ya chai, lakini kwa siku nane ilikuwa imelaza chupa tano ndogo za bia, na tangu ziingie humo kila askari aliyekatiza korido alipatwa na kiu ya ghafla. Sajini alibandika karatasi mlangoni: USHAHIDI. MIKONO MBALI. Chini yake mtu ambaye mpaka leo hajapatikana, kituo kizima cha wapelelezi na hajapatikana, aliongeza kwa kalamu nyekundu: Hasa ya Sajini.

Inspekta alizitoa moja moja akazipanga mezani. Nne zilikuwa na siku iliyoandikwa juu ya kizibo kwa wino mweusi: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Ya tano haikuwa na maandishi yoyote. Kizibo chake kilifungwa na Sajini mwenyewe, kwa sababu aliyeijaza hakuwahi kukifunga.

"Afande," Sajini alisema huku akijipangusa midomo kana kwamba ameshakunywa, "kama ni suala la kuonja, mimi nipo. Acha nijitolee."

"Wewe ulimi wako uliunguzwa na pilipili tangu uko mafunzoni. Lete vikombe vya bati, vitano, na chaki."

"Glasi zipo, Afande. Bia kwenye bati ni kuivunjia heshima."

"Kwenye glasi mtu anaonja kwa macho. Mimi nataka aonje kwa mdomo."

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, na mtaani walimwita Mama Kwanini. Bia hakuwa anakunywa. Alipenda kusema kwamba alikulia kwenye nyumba yenye wajomba wanne, wote wanywaji, kwa hiyo sehemu yake ilishanyweka kabla hajazaliwa. Lakini watu aliwapenda, na watu walimpenda, na nusu ya kesi alizozimaliza zilimalizikia kwenye viti vya saluni na foleni za maji, mahali ambapo mtu akiulizwa swali moja anajibu matatu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Saa nane mchana faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na ndani ya faili kulikuwa na mtu aliyekiri kuua.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Fundi, alikuwa na kiwanda kidogo cha bia nyuma ya nyumba yake. Matangi yake yalikaa kwenye chumba kilichochimbwa nusu ardhini, unashuka ngazi tano. Bia iliyompa jina ilikuwa ya ngano, yenye uchachu wa kukunja shavu, iliyotiwa mapera. Jumatano ya wiki iliyopita, asubuhi, alishuka kuteka chupa yake ya siku kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi, akainama kwenye bomba la chini ya tangi, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni gesi. Bia inapochacha hutoa gesi nzito isiyoonekana, nayo hulala sakafuni kama maji. Ukiinama ndani yake unazima kama mshumaa.

Ila bia ile ilikuwa imeshamaliza kuchacha. Mapera ya kwanza yalitiwa wiki tatu kabla, hamira ikala sukari yake ikalala. Ndiyo maana Fundi alikuwa amezima feni na kuchomoa mpira wa kupeleka gesi nje, akauosha, akauanika uani. Walipofungua tangi, watu wa maabara walikuta humo mapera mabichi yaliyopondwa, ndoo kama nne, yanachemka povu. Sumu hakuna. Mtu alikuwa ameyatia baadaye, na hamira ikaamka.

Nani? Mdogo wake marehemu, msambazaji wa matunda, alisema ni yeye. Alikamatwa Jumatatu ya wiki hii kwa sababu Jumapili ile, siku tatu kabla ya kifo, mtaa mzima ulisikia akigombana na kaka yake. Akahojiwa, akakana, akakana tena, mpaka Inspekta alipotaja mapera mabichi. Hapo akasema, "Ni mimi. Niliyatia Jumatatu asubuhi. Nilikuwa na hasira nikataka kumharibia."

Sajini aliandika, mshukiwa akasaini, na kila mtu akaenda kula. Isipokuwa Inspekta. Yeye alibaki akitazama ile saini. Mtu aliyepigania roho yake saa mbili nzima, kisha akaitupa kwa neno moja! Neno lenyewe mapera.

Ndipo jana akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mwoshaji wa chupa wa pale kiwandani, mama mmoja mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni na ulimi usiojua likizo. Wote walimwita Mama Chupa.

"Ugomvi nilisikia, sina haja ya kukuficha," Mama Chupa alimwambia. "Mdogo mtu alionja, akatema. Akasema, kaka, hii ni maji ya betri, matunda yangu umeyapeleka wapi? Mh! Fundi alivyowaka! Akaingia ndani kwa mkewe, akatoka, akamwambia mdogo wake, ondoka, una wivu wewe, usirudi hapa. Ndugu wa ziwa moja!"

"Akarudi?"

"Jumanne mchana. Mkono mtupu, kichwa chini, nadhani alikuja kuomba radhi. Fundi alikuwa kinyozini. Akachungulia kule nyuma, hakukaa hata dakika mbili, akageuka kama mtu aliyesahau kitu. Nikamwambia, baba, karibu chai. Wala."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu gani tena? Jumatatu hakukanyaga. Mimi nakaa getini, dada yangu, hata paka akipita namjua mwenyewe."

"Jumanne hiyo mchana, kule nyuma kulikuwa na nani?"

"Nani zaidi ya mke wa Fundi? Alikuwa anaosha ndoo." Mama Chupa aliikung'uta chupa, akaiweka. Halafu akashusha sauti, si kwa siri bali kwa uchungu. "Mimi ndiye niliyemkuta, unajua. Nilifungua tu mlango wa juu, harufu ya mapera ikanipiga usoni kama nimepasua tunda. Nikajua pale pale tangi limeamka. Mimi mwosha chupa nikajua. Sasa yeye, miaka kumi na saba kwenye kazi, alishukaje?"

Hilo ndilo swali Inspekta aliloondoka nalo. Alilala nalo, akaamka nalo, na sasa alikuwa akiliandalia vikombe.

*

Mjane alifika saa nne na nusu, amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi upande mmoja tu. Alikuwa mshonaji wa nguo za shule. Bado alikuwa na pini mbili kwenye ukosi, amezisahau. Hakukaa mpaka alipouliza.

"Shem wangu amekula?"

"Amekula," Sajini alisema. "Amekula na changu."

"Afande, yule hawezi kumuua kaka yake. Waligombana, ndiyo. Wamegombana tangu wako na kamasi. Mkimpeleka kule mtakuwa mmenizikia wawili."

"Ndiyo maana nimekuita," Inspekta alisema. "Kaa, mama. Nimesikia una ulimi wa kuaminika."

Mjane alimtazama haraka. "Nani kasema?"

"Watu wanasema Fundi hakuwa anatia neno juu ya bia mpaka wewe umeonja kwanza. Wanasema ni mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi," alijibu, akakaa.

Inspekta alimweleza kwa ufupi. Fundi alikuwa na desturi ya kuteka chupa moja kila asubuhi, tangu bia inapoingia tangini mpaka inapotoka, akaandika siku juu ya kizibo. Hizi ni tano za mwisho. Yeye angezimimina kwenye vikombe akiwa amempa mgongo, na kuweka alama ya chaki chini. Kazi ya mjane ilikuwa kusema tu anachokipata.

"Na hiyo itamsaidia shem?"

"Ukisema kweli, itamsaidia."

Vikombe vilipangwa. Mjane aliinua cha kwanza, akakinusa muda mrefu kuliko alivyokinywa, akakizungusha mdomoni, akameza. Sajini naye akameza, mate.

"Kama pera lililolala kwenye begi la shule," mjane alisema. "Utamu umeondoka, limebaki ganda."

Inspekta alikuwa na daftari lililofunguliwa magotini, chini ya meza. Alifuatisha mstari mmoja kwa kidole.

Cha pili. "Hicho hicho. Uchachu upo, lakini umekaa peke yake, kama mgeni aliyefika wenyeji hawapo."

Cha tatu. "Hicho hicho, kimechakaa zaidi kidogo. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi."

Cha nne alionja nusu tu. "Ndugu yao. Hivi vinne ni baba mmoja mama mmoja. Mapera yamekufa."

"Na hiki?"

Mjane alikiinua cha tano. Kabla hakijafika mdomoni alisita. Alinusa, akafumba macho, akanywa funda moja, halafu, bila kuombwa, la pili. Uso wake ulifanya kitu ambacho kwa siku nane haukuwa umekifanya. Ulilegea. Ukawa uso wa mtu anayepokewa mzigo njiani.

"Hii ndiyo bia," alisema polepole. "Hii sasa. Pera limekatwa sasa hivi, mbegu bado zimeng'ang'ania. Uchachu unakuja nyuma unalishika mkono. Na inachomachoma ulimi, bado ina..." Alifumbua macho. "Hii mmeitoa wapi?"

"Tangi lile lile."

"Siku gani?"

"Jumatano. Ilikutwa chini ya bomba, imejaa, haina kizibo. Ndiyo aliyokuwa anateka."

Mjane alikiweka kikombe mezani kwa mikono miwili. Alitabasamu, tabasamu lililopinda vibaya. "Basi ilikaa sawa," alisema. "Siku ile ilikaa sawa kabisa. Na hakuionja."

Inspekta aliinua vikombe vinne vya kwanza kimoja kimoja kumwonyesha Sajini alama chini yake. Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatatu. Sajini hakuhitaji kuelezwa. Kama mapera mabichi yangetiwa Jumatatu asubuhi, chupa ya Jumanne ingeyasema. Haikuyasema. Yalitiwa baada ya chupa ya Jumanne kutekwa na kabla ya ile ya Jumatano.

"Shemeji yako ametudanganya," Inspekta alisema. "Alituambia yeye ndiye aliyeongeza mapera, Jumatatu. Jumatatu hakufika kiwandani. Jumanne alifika, dakika mbili, mkono mtupu. Ndoo nne za mapera haziingii tangini kwa dakika mbili."

"Mapera?" Mjane alikunja uso. "Mbona mlisema mmemshika kwa ajili ya ule ugomvi? Mapera yamehusika vipi?"

Sajini alipata kazi ya ghafla dirishani. Inspekta alilitoa daftari magotini akaliweka juu ya meza.

"Hili ni la Fundi. Kila bia aliyoonja aliandika humu. Nimesoma miaka mitatu yote. Sikiliza hapa mwanzo: 'Uchachu wa kati. Ngano mbele. Mwisho mkavu.' Kurasa nzima hivyo, maneno ya kazi. Halafu katikati ya msimu wa baridi uliopita, mwandiko ule ule, lakini sikiliza: 'Kama shati lililokaukia kivulini.' 'Kama soksi ya mtoto, lakini safi.' 'Kama pera lililolala kwenye begi la shule.'" Alilifunga. "Huyu si Fundi anayeongea. Huyu ni mtu anayeshona sare. Kwa miezi mitano Fundi hakuandika hata neno lake moja."

Mjane alizigusa zile pini za ukosi.

"Mwosha chupa wake alifungua mlango wa juu akajua tangi limeamka, kwa harufu tu. Fundi akafungua mlango ule ule akashuka ngazi tano. Mama, mume wako alikuwa hasikii harufu. Sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna anayejua," mjane alisema, na sauti yake ilikuwa imekasirika. "Nilimwapia. Yale mafua yalimshika wiki mbili, yakaondoka na pua yake. Alikuwa anakula chumvi kama ng'ombe, hapati kitu. Fundi wa bia asiye na pua, unajua watamwitaje? Alilia, Afande. Mwanaume mzima amekaa kwenye kitanda cha watoto analia. Nikamwambia, usijali, pua ninayo mimi, tutaitumia wote wawili. Nikamwapia kwamba hilo litabaki chumbani kwetu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili aliingia ndani anatetemeka. Akaniambia, mdogo wangu anasema hii ni maji ya betri, wewe unasemaje?" Alilishika gauni lake kwa mikono miwili pale magotini. "Ilikuwa maji ya betri. Shem alisema kweli tupu. Lakini ungemwona alivyonitazama! Bia ya kabla ya hii iliharibika akaimwaga yote, na wiki nzima hakula. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi kuonja. Nikamwambia ni nzuri. Nikamwambia, huyo ana wivu. Akatoka akamfukuza ndugu yake kwa ulimi wangu."

"Halafu?"

"Halafu ningerudije nyuma? Nikasema nitaitengeneza mwenyewe. Haina tunda, si nitie tunda? Jumanne alipoenda kinyozini nikaponda mapera, nikapanda ngazi ya tangi, nikamimina. Ndoo nne. Nikawaza, mpaka Jumamosi itakuwa nzuri, na uwongo wangu utakuwa umegeuka kweli, na shem nitampigia magoti peke yangu." Alikitazama kikombe cha tano. "Na imekuwa nzuri."

Mtu kule korido alifungua friji, akaona hakuna kitu, akaifunga.

"Alikwambia nini juu ya hamira?" Inspekta aliuliza.

"Kwamba ni kama watu, inakula inalala. Alisema imeshalala, kazi yake imekwisha. Mimi kule chini, kabla ya siku ile, nilikuwa siingii, ngazi zinaniumiza goti. Mimi nilikuwa wa kuonja tu."

"Ikiletewa chakula kipya, inafanyaje?"

Mjane alifungua mdomo kujibu kama mwanafunzi anayejua jibu. Halafu jibu lenyewe likamfikia. Lilimfikia taratibu, Inspekta aliliona likipanda kutoka mikononi, mikono ikaacha gauni, mpaka shingoni, mpaka machoni.

"Si alisema imelala?" alinong'ona.

"Ilikuwa imelala."

"Feni..."

"Alikuwa ameizima. Na mpira ulikuwa uani. Kwake tangi lile lilikuwa maji tu."

Hakupiga kelele. Sajini, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, alisema baadaye kwamba angepokea kelele elfu. Mwanamke yule aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, katikati ya vikombe, na mgongo wake ukawa unapanda na kushuka bila sauti, kama mtu anayepandisha maji kisimani.

Inspekta aliacha dakika zipite. Ilipofika saa tano na nusu alivuta karatasi ya maelezo.

*

"Andika," mjane alisema alipoinuka. Sauti ilikuwa imekauka. "Andika nilitia mimi. Siku, saa, ndoo nne. Mtoe shem."

Inspekta aliandika. Aliandika mambo ya Jumanne yote, akamsomea, mjane akaitikia kila sentensi. Kisha Inspekta akasema, "Sasa habari ya pua."

"Hiyo hapana."

"Mama."

"Nimekwambia wewe kwa sababu umeshajua. Kwenye karatasi hapana. Karatasi itasomwa mahakamani, na wenye viwanda vyao watakuja kusikiliza. Watacheka. Watasema bia zote zile alizosifiwa zilikuwa za mshona sare. Amekufa, Afande, jina ndilo alilobaki nalo."

"Nisikilize vizuri. Nisipoandika hilo, faili linasema hivi: mke alitia mapera kwa siri, mume akafa. Mwendesha mashtaka atauliza, fundi wa miaka kumi na saba aliingiaje kwenye chumba kinachonuka vile? Ama alijitakia, ama ulikuwa unajua asingehisi. Atachagua mojawapo, na zote mbili ni mbaya. Watoto wako wawili watabaki na nani?"

"Na achague."

"Ukweli wa pua ndio unaofanya hii iwe ajali."

"Nilimwapia!" Alipiga meza, kikombe kimoja kikaanguka na kumwaga bia, nayo ikatambaa kuelekea daftari. Sajini aliruka akaliokoa. "Nilimwapia, Afande. Nimemdanganya mara moja tu maishani, ona kilichotokea. Usitake nimdanganye na ya pili."

Inspekta aliweka kalamu chini. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa amewakamua watu wasiotaka kujiokoa kwa kusema kweli, lakini wengi walikuwa wakijificha wao. Alimwashiria Sajini kwa kidevu. "Mlete."

Mdogo wake marehemu aliletwa bila pingu. Alikuwa mwanaume mnene aliyepungua ghafla, ngozi ikawa kubwa kuliko mtu. Alipoona vikombe, na bia iliyomwagika, na uso wa shemeji yake, alisimama mlangoni.

"Mmemwambia," alisema.

"Amejua mwenyewe," Inspekta alijibu.

"Niliwaomba nini? Niliwaambia ni mimi. Mnataka nini zaidi ya mtu kukubali? Mnapata wapi roho ya..."

"Uliniona," mjane alisema.

"Sikuona kitu."

"Uliniona juu ya ngazi na ndoo, shem. Ukageuka."

"Nilikuja kwa kaka, hayupo, nikaondoka. Basi." Alikuwa akidanganya vibaya, kama watu wema wanavyodanganya, macho yako kwenye viatu. "Mimi sina mtoto, shemeji. Ningekaa ndani, ningetoka. Wewe ulikuwa hutakiwi kujua. Hilo tu ndilo nililotaka."

"Kaa," mjane alimwambia. Akakaa. Mjane akamtazama Inspekta, kisha Sajini, kama anayehesabu masikio yaliyopo chumbani. Halafu akamwambia shemeji yake, kwa sauti ya chini, habari ya mafua, ya chumvi, ya kitanda cha watoto, na kwamba Jumapili ile kaka yake hakuwa na kiburi wala dharau. Alikuwa hajui bia ile ina ladha gani. Aliambiwa vitu viwili na watu wawili anaowapenda, akalazimika kuchagua.

Mdogo mtu alisikiliza mpaka mwisho. "Nilitema mbele yake," alisema. "Miguuni pake. Nikamwambia hata kipofu angejua." Akajifunika uso kwa kiganja kimoja kikubwa. "Kwa nini asiniambie? Mimi si damu yake? Ningekuwa namwonjea mimi. Wote watatu tungeonja."

Sajini alilipangusa tena daftari lililokuwa limeshakauka.

"Hataki niandike," Inspekta alisema baada ya muda. "Na bila hilo siwezi kumrudisha kwa watoto."

"Watamcheka," mjane alisema.

"Nani? Wale wa bia?" Mdogo mtu alitoa kiganja usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini kwa mara ya kwanza yalitulia. "Waje. Mimi ndiye ninayewapelekea matunda wote. Atakayecheka nitamwuliza, wewe ukipoteza pua, una nani wa kukukopesha yake? Shemeji, kaka hakufa kwa sababu hana pua. Wala si kwa sababu yako. Sema. Usiniache nilee watoto wako huku nikiwadanganya kila siku. Unaona nilivyo mbovu wa kudanganya."

Mjane alicheka, kicheko kifupi kilichokatika na kugeuka kilio njiani, na safari hii kilikuwa na sauti. Mdogo mtu hakumshika. Alisogeza tu kiti chake mpaka viti viwili vikagusana, akakaa hivyo, bega karibu na bega, wote wakitazama mbele kama watu kwenye benchi la hospitali. Sajini alikusanya vikombe bila kubakiza hata tone, akavipeleka kwenye sinki, akamwaga. Inspekta alisikia maji yakikimbia muda mrefu.

Ilikuwa saa saba kasorobo. Alishika kalamu.

"Taratibu," alisema. "Mimi naandika kwa kasi yako."

Mjane alijifuta uso kwa ukingo wa gauni. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono mezani, na alipoanza kusema alisema kama mtu anayemvua mwenzake nguo mbele ya wageni, kwa upole, akianza na kitu kidogo.

"Mume wangu," alisema, "alipenda kazi yake."

Inspekta akaandika.

"Msimu wa baridi uliopita alipata mafua." Shemeji yake aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama. "Yalipoondoka, akawa hasikii harufu. Hata yangu."

Kalamu ilikwaruza, ikasimama, ikasubiri.

"Kwa hiyo kila kitu alichotaka kujua," mjane alisema, "alikuwa ananiuliza mimi. Na nilichomjibu, aliamini."